Cheti Pembeni mwa Shahada: Historia ya Elimu ya Kompyuta kwa Mwanafunzi wa Fani Yoyote

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi vya leo, mwanafunzi anayesomea historia, sheria, uuguzi au Kiswahili anaweza kuongeza juu ya shahada yake cheti cha teknolojia ya habari. Utaratibu wake hufanana karibu kila mahali: kozi chache zinazotolewa na idara au kituo kingine, mtihani wake wa pekee, na karatasi ya pili inayoambatanishwa nyuma ya ile ya kwanza. Fani yenyewe haiguswi. Mwalimu wa historia hana haja ya kujua kama mwanafunzi wake ana cheti hicho, wala mwalimu wa kompyuta hana haja ya kujua kwamba aliyeketi mbele yake ni mwanahistoria. (Ieleweke kwamba cheti kinachozungumziwa hapa si astashahada, ambayo katika mfumo wa Tanzania ni ngazi kamili ya elimu. Ni nyongeza inayobebwa na shahada nyingine.)

Maelezo ya kawaida kuhusu chimbuko la utaratibu huu huuhusisha na soko la ajira la miaka ya 1990, pale waajiri walipoanza kudai ujuzi wa kompyuta kwa kila mwombaji kazi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaanza kisa katikati. Swali la iwapo mwanafunzi wa fani yoyote afundishwe kompyuta liliulizwa na kujibiwa miaka thelathini kabla ya hapo, na jibu la kwanza halikuwa cheti. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba badiliko kubwa katika historia hii halihusu maudhui pekee, bali mahali maarifa hayo yalipowekwa. Yalianza yakiwa ndani ya somo lililosomwa na karibu wanafunzi wote, ambako gharama na wajibu vilikuwa vya chuo. Yaliishia pembeni mwa shahada, ambako gharama na wajibu ni vya mwanafunzi.

2.0 Hanover, Mei 1964

Chuo cha Dartmouth kiko katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katikati ya miaka ya 1950 chuo hicho hakikuwa na kompyuta. Thomas Kurtz, mwalimu kijana wa hisabati na takwimu, alikuwa akisafiri kwa treni hadi eneo la Boston kila baada ya wiki mbili hivi, akiwa na sanduku la chuma lililojaa kadi zilizotobolewa matundu, ili programu zake na za wenzake zikaendeshwe kwenye mashine ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Kosa la herufi moja kwenye kadi moja lilimaanisha kusubiri safari nyingine. Mwaka 1959 chuo kilipata mashine yake ya kwanza, LGP-30, iliyokuwa na ukubwa wa meza ya ofisi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza waliachiwa waitumie, na wakaandika juu yake programu ambazo walimu wao hawakuwa wamezitarajia. Jambo hilo lilimshawishi mkuu wa idara ya hisabati, John Kemeny, kwamba kizuizi hakikuwa akili ya mwanafunzi.

Kemeny mwenyewe anastahili maelezo mafupi. Alizaliwa Budapest mwaka 1926, akahamia Marekani na wazazi wake mwaka 1940 wakiwakimbia Wanazi, na akiwa bado kijana alipelekwa Los Alamos kufanya kazi ya mahesabu kwa mashine za kadi. Baadaye alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika masuala ya hisabati. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, *Man and the Computer*, anaikumbuka Los Alamos kwa mtazamo usio wa kawaida: hesabu zilizowachukua watu wengi mwaka mzima pale zingeweza kumalizwa na mwanafunzi wa Dartmouth alasiri moja, huku wengine wengi wakitumia mashine hiyohiyo. Aliyeyaona mahesabu yakiwa siri ya watu wachache waliozungukwa na uzio ndiye aliyetaka yawe kama rafu za maktaba, ambako msomaji huingia na kuchukua kitabu bila kuulizwa anakitakia nini. Mfano wa maktaba ni wake mwenyewe, naye hakuutumia kama pambo. Ulikuwa ndio msingi wa sera, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hakutozwa ada wala hakutakiwa kueleza matumizi yake.

Tatizo lililowakabili Kemeny na Kurtz lilikuwa la mtaala kabla ya kuwa la ufundi. Takriban robo tu ya wanafunzi wa Dartmouth walisomea sayansi na uhandisi. Waliobaki walisoma fasihi, historia, siasa na uchumi, na ndio waliotarajiwa kuja kuongoza kampuni, mahakama na wizara. Wawili hao waliona kwamba watu hao wangefanya maamuzi kuhusu mashine wasizozijua. Kozi ya hiari ya kompyuta ingewavutia walewale waliokwisha kuvutwa. Ndipo walipoiweka ndani ya kozi mbili za hisabati za mwaka wa kwanza, ambazo wengi wa wanafunzi, wakiwemo wa sanaa, walizipitia kwa vyovyote vile. Mihadhara ya kompyuta ilikuwa michache sana. Baada yake kila mwanafunzi alitakiwa kuandika programu nne, kuziendesha na kuzisahihisha mpaka zitoe jibu sahihi.

Ufundi ulifuata mahitaji hayo. Kwa kuwa mamia ya wanafunzi wasingeweza kupanga foleni mbele ya mashine moja, ilibidi mashine igawanye muda wake miongoni mwa watumiaji wengi kwa kasi ambayo kila mmoja angejiona yuko peke yake. Wazo hili Kurtz alilipata kwa John McCarthy, aliyewahi kufundisha Dartmouth kabla ya kuhamia Massachusetts. Na kwa kuwa lugha za programu za wakati ule ziliandikwa kwa ajili ya wataalamu, walibuni lugha mpya, BASIC, yenye amri chache zilizochukuliwa kutoka maneno ya kawaida ya Kiingereza. Usiku wa kuamkia Mei 1, 1964, yapata saa kumi alfajiri, programu mbili ziliendeshwa kwa wakati mmoja kutoka vituo viwili, na zote zikaleta majibu sahihi. Sehemu kubwa ya programu iliyoongoza ugawaji huo wa muda ilikuwa imeandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Kufikia mwishoni mwa muongo ule, wanafunzi wengi mno wa Dartmouth walikuwa wamejifunza kuandika programu, na mashine ilikuwa ikitumika mchana na usiku. Walicheza pia. Kemeny mwenyewe aliandika mchezo wa mpira wa Kimarekani, na hakuona aibu kuutaja kama ushahidi wa mafanikio, kwa maana mtu hachezi na kitu anachokiogopa. Lililo muhimu zaidi kwa makala haya ni kwamba kompyuta ilianza kupenya ndani ya fani zenyewe. Mradi wa IMPRESS, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960, uliwawezesha wanafunzi wa sayansi ya jamii kuhoji data za tafiti na sensa moja kwa moja kutoka kwenye kituo cha kompyuta. Mwanafunzi wa sosholojia hakwenda kusoma kompyuta idara nyingine kisha akarudi. Alisoma sosholojia kwa namna ambayo bila mashine isingewezekana.

Haifai hata hivyo kuigeuza Dartmouth kuwa peponi. Kilikuwa chuo cha wanaume watupu hadi 1972, na wengi wao walitoka katika familia zenye uwezo. Mashine ilitoka kwa kampuni ya General Electric, na ruzuku ilitoka kwa Wakfu wa Taifa wa Sayansi, katika miaka ambayo serikali ya Marekani ilimwaga fedha katika elimu ya sayansi kwa kuhofia kuachwa nyuma na Urusi ya Kisovieti. Kusema kwamba kompyuta ilikuwa ya bure kama kitabu cha maktaba ni kusema kwamba mtu mwingine alikwisha kulipa. Hilo halilibatilishi jibu la Kemeny na Kurtz. Linaonyesha masharti yake. Aidha, jambo moja halikuwepo kabisa katika mpango wao: hakukuwa na cheti. Mwanafunzi aliyemaliza programu zake nne alikuwa amemaliza sehemu ya somo la hisabati, basi.

3.0 Kutoka somo hadi karatasi

Kilichobadilika kati ya katikati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kinaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa kuwa kimeandikwa sana. Kompyuta ndogo zilifika mezani na majumbani, na BASIC ikasafiri nazo. Baada yake zikaja programu zilizokwisha kutengenezwa, za kuchapa barua, kupanga majedwali na kutunza kumbukumbu. Mtumiaji hakuhitaji tena kuandika programu. Alihitaji kujua kutumia ya mwenzake. Kwa hiyo "kujua kompyuta" kukabadilika maana bila tangazo lolote: kwa Kemeny kulimaanisha kuiamuru mashine, kwa mwajiri wa 1990 kulimaanisha kuzoea bidhaa fulani ya kampuni fulani.

Kampuni zenyewe ndizo zilizoona kwanza kwamba mazoea hayo yanaweza kupimwa na kuuzwa. Novell ilitoa vyeti kwa mafundi wa mitandao yake, Microsoft ikafuata mwaka 1992, na mwaka 1993 chama cha kibiashara cha CompTIA kikaanzisha cheti cha A+ kwa mafundi wa kompyuta. Kwa upande wa watumiaji wa kawaida, wazo la "leseni ya udereva wa kompyuta" lilianzia Ufini na kuenea Ulaya katikati ya muongo huo, likiwa na moduli saba, na mwaka 1997 likaundiwa taasisi ya kulisimamia. Neno leseni halikuchaguliwa ovyo. Leseni ya udereva haimwulizi dereva anakwenda wapi.

Uchambuzi makini wa mfumo huu ni ule wa Clifford Adelman, uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Marekani mwaka 2000. Aliuita ulimwengu sambamba wa elimu ya juu, wenye watahini wake, vituo vyake vya mitihani na watahiniwa kutoka kila bara, ambao vyuo vikuu havikuwa vimeutambua, seuze kuuhesabu. Sifa alizozibainisha zinafaa kukumbukwa. Mtihani hauulizi mtahiniwa alisoma wapi wala kwa muda gani. Cheti kinaweza kupitwa na wakati pale toleo jipya la programu linapotoka. Gharama, kwa kawaida, ni ya mtahiniwa au mwajiri wake. Vyuo vikuu vilipokuja kuanzisha vyeti vyao vya teknolojia ya habari kwa wanafunzi wa fani zote, umbo walilolichukua lilikuwa karibu zaidi na la ulimwengu huo sambamba kuliko la Dartmouth: moduli, mtihani wa pembeni na karatasi ya ziada.

Si kwamba hakukuwa na sauti tofauti. Mwaka 1999 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, ikiongozwa na Lawrence Snyder, ilichapisha ripoti iliyogawa maarifa ya kompyuta katika mafungu matatu: stadi za wakati uliopo, dhana za msingi, na uwezo wa kiakili. Kila fungu lilipewa vipengele kumi. Stadi za wakati uliopo, kama kutumia programu ya kuchapa au kuunganisha kompyuta na intaneti, ndizo zinazochakaa haraka. Dhana, kama vile namna taarifa inavyowakilishwa kwa tarakimu au mipaka ya kile mashine iwezacho kukokotoa, hudumu. Uwezo wa kiakili, kama kutafuta kosa katika mfumo usioeleweka, hudumu zaidi. Kamati ilipendekeza mafungu yote matatu yafundishwe kwa pamoja kupitia miradi, na miradi hiyo itoke ndani ya fani ya mwanafunzi. Kwa lugha nyingine, ilirudi karibu na mahali Kemeny alipokuwa. Lakini kati ya mafungu matatu, moja tu hupimika kwa urahisi katika mtihani wa saa moja, na ni lile linalochakaa.

Hata hivyo, kukidharau cheti itakuwa ni kutokuelewa kwa nini kimedumu. Mwanafunzi ambaye idara yake haioni haja ya kompyuta hawezi kusubiri mtaala urekebishwe, kwani mtaala huchukua miaka naye ana mitatu. Cheti humpa kitu ambacho mwajiri anaweza kukisoma kwa dakika moja. Kwa maana hiyo ni uungwana fulani kwa mwanafunzi, ingawa ni uungwana unaoipunguzia idara yake wajibu.

4.0 Mahali ambapo mashine ilichelewa

Inabaki kuuliza iwapo mkondo huu ni wa Marekani peke yake. Tanzania ni mfano unaofaa, kwa sababu huko jibu la kwanza, lile la Dartmouth, halikupata hata nafasi ya kujaribiwa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya alfajiri ile ya Hanover. Lakini mfumo wa hesabu za Serikali uliowekwa kwenye kompyuta ulishindwa na kuleta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake bila kibali. Masharti yalilegezwa hatua kwa hatua, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kompyuta ilikuwa huria.

Wapo wanaousoma uamuzi wa 1974 kama woga wa maendeleo. Usomaji huo unasahau kwamba uamuzi ulifuata hasara halisi ya fedha za umma, katika nchi iliyokuwa na wataalamu wa kuhesabika. Kinachohusu makala haya ni matokeo yake kwa wakati. Miaka ambayo kompyuta ya chuo ingeweza kuwa rasilimali ya pamoja, mashine moja kubwa na watumiaji wengi, ilipita mlango ukiwa umefungwa. Mlango ulipofunguliwa, kilichoingia kilikuwa kompyuta ndogo na programu zake, pamoja na namna yake ya kufundishwa. Vyuo vidogo vya kufundisha "pakeji" vilichipuka Dar es Salaam kama ilivyokuwa Nairobi, na kwa vijana wengi waliomaliza kidato cha nne au cha sita, kusoma kompyuta kukawa na maana ya miezi mitatu na cheti. Kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikaja kuendeshwa kama kampuni ya chuo, kikiuza mafunzo na huduma kwa yeyote mwenye kulipa.

Haiwezi kusemwa kwamba chuo hicho hakikujua namna ya kuweka somo moja katikati ya fani zote. Kilijua vizuri mno. Somo la Taaluma za Maendeleo, lililopata taasisi yake mwaka 1973, lilikuwa la lazima kwa wanafunzi wa vitivyo vyote: mhandisi, daktari na mwalimu wa fasihi walikaa ukumbi mmoja, kwa imani kwamba hakuna msomi anayepaswa kuhitimu bila kuelewa muundo wa jamii inayomlipia karo. Hoja hiyo, ukiitazama umbo lake, ndiyo hoja ya Kemeny, ingawa wawili hao wasingekubaliana juu ya mambo mengi. Mwaka mmoja baada ya taasisi hiyo kuanzishwa, kompyuta zilipigwa marufuku.

5.0 Kitenzi cha Kiswahili kama tatizo la kompyuta

Gharama ya kuyaweka maarifa haya pembeni huonekana vizuri ndani ya fani mojamoja, na kwa wasomaji wa makala haya fani iliyo karibu ni Kiswahili. Chukua neno *wanaotutafutia*. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu atalichanganua bila taabu: kiambishi cha nafsi, njeo, kirejeshi, yambwa, mzizi, kauli ya kutendea, na kiishio. Chukua pia *tutafute* na *tutafuta*. Zinatofautiana kwa herufi moja ya mwisho, lakini katika la kwanza mzizi ni *-tafut-*, na katika la pili *-ta-* ni njeo na mzizi ni *-fut-*. Mzungumzaji hahisi hata kwamba pana mtego. Mashine isiyofundishwa itaanguka papo hapo, na anayeweza kuifundisha ni mtu anayejua mofolojia ya Kiswahili na pia namna kanuni inavyogeuzwa kuwa programu.

Aliyeifanya kazi hiyo mapema na kwa upana zaidi alikuwa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Hakuwa mtaalamu wa kompyuta kwa asili. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1984 ulihusu ng'ombe na utamaduni miongoni mwa Waparakuyo, wafugaji wa Tanzania. Mwaka uliofuata alianza kuunda mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili, akitumia nadharia ya ngazi mbili ambayo Kimmo Koskenniemi, wa chuo hichohicho, alikuwa ameitoa mwaka 1983 akianzia na Kifini, lugha nyingine ya maneno marefu. Maelezo ya mfumo huo yalichapishwa mwaka 1992, na kutoka humo ukakua mfumo mpana zaidi wa SALAMA pamoja na Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo watafiti wa Afrika Mashariki wenyewe wameitegemea kwa miaka mingi.

Katika Dar es Salaam, jaribio linalofanana na hilo kwa roho ingawa si kwa kazi lilikuja baadaye kupitia mradi wa Kilinux, ulioongozwa kutoka Idara ya Sayansi ya Kompyuta na ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Huko wanaisimu na wanakompyuta walilazimika kuketi meza moja, kwa sababu kila amri kwenye menyu ilihitaji uamuzi wa istilahi na pia nafasi ya kutosha kwenye skrini. Mradi ulikuwa na muda wake na fedha zake, na haukuwa sehemu ya mtaala wa shahada ya Kiswahili.

Kati ya 1985 na leo, wahitimu wengi wa shahada za Kiswahili wametoka vyuoni na cheti cha kompyuta katika bahasha moja na shahada. Wengi wao wanajua kupanga majedwali, na wanajua pia kwamba katika *tutafuta* njeo ni *-ta-*. Cheti kilipima la kwanza, shahada ikapima la pili, na mitihani yote miwili iliandikwa na watu ambao hawakuwa na sababu ya kuonana.